Jina Matonya lilikuwa la mvua kabla halijawa la kejeli

Wanajamvi, mbukwenyi.

Mke wangu alijifungua mtoto wa kiume mwezi Januari, usiku, katika zahanati ya kijiji chetu wilayani Chamwino, na mvua ilikuwa ikinyesha tangu jioni. Kulipokucha, shangazi yangu alifika na uji wa uwele ndani ya chupa ya chai, akamfunua mtoto uso, akasema bila kumuuliza mtu yeyote, "Huyu ni Matonya." Muuguzi alikuwa ameshika kalamu juu ya kadi ya kliniki. Aliinua macho, akamtazama shangazi, akanitazama mimi, kisha akauliza kwa upole, "Tuandike hivyo kweli, baba?" Sikujibu. Nafasi ya jina kwenye kadi ile ilibaki wazi kwa wiki tatu, na aibu ya wiki hizo tatu ndiyo iliyonifanya niandike uzi huu.

Matonya ni jina la babu yangu mzaa baba, na ndilo jina langu la tatu. Katika Chigogo, lugha yetu sisi Wagogo wa Dodoma, mvua ni mvula, na inaponyesha husemwa kwamba inatonya. Matonya ni yale matone yake. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kwenda mbali kuliona hilo, kwa kuwa Kiswahili nacho kina kitenzi kutona, yaani kudondoka tone kwa tone, na ndugu zake ni tone na matone. (Kutonya kwa maana ya kumpenyezea mtu habari, kama wanavyosema vijana kwamba "nimetonywa", ni neno la mitaani ambalo halituhusu hapa, ingawa shangazi alicheka mpaka akajifuta machozi nilipomweleza.)

Aliyekulia chini ya bati atalielewa jina hili nusu tu. Juu ya bati mvua ni kelele tupu, na mtu hulazimika kupaza sauti ili asikike. Tembe, nyumba ya asili ya Mgogo, ina paa bapa la miti lililofunikwa kwa udongo, na mvua ikianza juu yake wewe uliye ndani husikii kitu. Unaanza kunusa udongo uliolowa. Ikizidi, paa hunywa maji hadi likashiba, ndipo tone la kwanza linapopenya na kuanguka ndani, juu ya kibuyu au kwenye ukingo wa kitanda, na baada ya kitambo lingine, na lingine. Nilipokuwa mdogo nilimwona babu akiamka gizani, akisogeza chungu cha mbegu upande mmoja na kutega sufuria mahali palipovuja, kisha akirudi kulala bila kunung'unika. Sijawahi kusikia mtu wa kizazi chake akililalamikia paa kwa kuvuja.

Wala si ajabu. Dodoma hupata wastani wa milimita 570 hivi za mvua kwa mwaka, ilhali Dar es Salaam hupita 1,000. Wenzetu wa pwani wana vuli na masika. Sisi tuna msimu mmoja, chifuku, unaoanza mwishoni mwa Novemba au Desemba na kwisha Aprili, kisha inafuata chibahu, miezi ya vumbi na upepo ambayo mtoto wa darasa la kwanza huiona kama haina mwisho. Hata ndani ya chifuku yenyewe mvua huweza kukatika kwa wiki mbili au tatu, wakati ule ule ambapo uwele na mtama vinaihitaji zaidi. Ndiyo maana mtemi wa zamani hakuwa mtawala wa watu tu, bali aliwajibika pia kwa mvua ya nchi yake: alikuwa na kigoda na mawe ya mvua, na mambo yalipokuwa magumu alichinjwa mnyama mweusi, kwa kuwa weusi ndiyo rangi ya wingu lililobeba maji. Nchi ilipoonekana imeharibika, wanawake walivaa kiume, wakashika fimbo na kutoka na ng'ombe, ili mkosi utupwe nje ya mipaka. Watu waliohangaika namna hiyo kwa ajili ya mvua walipomwita mtoto wa kiume kwa jina la matone yake, walikuwa wakimvika kitu cha thamani kuliko vyote walivyokuwa navyo.

Kumwita mtoto Matonya kulikuwa pia ni kuandika tarehe. Wazee wetu hawakuwa na vyeti vya kuzaliwa, lakini walikuwa na misimu, na hasa walikuwa na njaa, ambazo kubwa zake zilipewa majina kama watu. Iliyobaki midomoni kuliko zote ni Mtunya, ya mwaka 1917 hadi 1920, wakati majeshi ya Wajerumani na baadaye ya Waingereza yalipochukua nafaka, ng'ombe na wapagazi kutoka Ugogo, na mvua nayo ikagoma. Kwa hesabu za familia yetu, babu alizaliwa miaka michache baada ya Mtunya, usiku ambao mvua ya kwanza ilinyesha kwa kuchelewa. Hatujui tarehe wala mwezi. Lakini jina lake lilitosha kwa wanakijiji wote wa rika lake, kwa sababu kila mmoja alijua alikuwa wapi usiku huo, au mama yake alikuwa wapi.

Sasa nije kwenye umaarufu wa jina, jambo ambalo nimelichunguza kwa macho ya kazi yangu. Nimefundisha shule za msingi wilayani Bahi na Chamwino kwa miaka kumi na miwili. Nimewaita akina Matonya wengi asubuhi nikiwa na daftari la mahudhurio mkononi, wala sijawahi kumwita hata mmoja ambaye hilo ni jina lake la kwanza. Jina halijafa; limesogezwa nyuma. Wamisionari wa Kianglikana walifika Mpwapwa mwaka 1876 na Mvumi mwaka 1900, na kadiri ubatizo ulivyoenea ndivyo mbele ya jina la nyumbani lilivyotangulia Yohana, Petro, Danieli au Yona. Kisha ikaja fomu ya shule na hatimaye kitambulisho cha taifa, ambavyo vinataka majina matatu: la kwako, la baba na la babu. Hivyo jina ambalo mtoto alipewa kwa ajili ya usiku wake mwenyewe likawa la baba wa mwenzake, kisha la babu, na pale familia ilipoamua kuligandisha katika nafasi ya tatu likawa ubini. Mtu anaweza leo kuitwa Matonya akiwa amezaliwa Agosti, katikati ya chibahu, hospitalini Dar es Salaam.

Halafu kuna lile jambo ambalo kila mmoja wenu amekwisha kulifikiria tangu alipoona kichwa cha uzi. Kwa miaka mingi Dar es Salaam ilikuwa na ombaomba mmoja kutoka kwetu aliyejulikana nchi nzima kwa jina hili, na jina likamtoka yeye likawa la kazi. Mtu akiomba nauli, anaambiwa aache umatonya. Katikati ya miaka ya 2000 msanii mmoja wa Bongo Fleva kutoka Tanga alitamba akitumia jina hilo hilo, na kwa muda fulani vijana walipolisikia walifikiria nyimbo. Lakini hilo lilipita, kejeli ikabaki. Nilipokwenda ofisi moja jijini Dar es Salaam kufuatilia karatasi zangu za masomo, karani alisoma jina langu la tatu kwa sauti, akageuka kwa wenzake, akanyoosha kiganja hewani. Wote walicheka. Mimi pia nilicheka, na hilo ndilo linaloniuma hadi leo.

Simlaumu yule mzee wa barabarani hata kidogo. Ninachokiona ni kwamba jina lile na maisha yale vilitoka katika chanzo kimoja. Watu wa vijijini kwetu waliojulikana kwa kwenda mijini kuomba hawakuondoka kwa sababu ya uvivu uliomo kwenye damu, kama inavyodaiwa; wengi waliondoka chakula kilipokwisha ghalani baada ya mvua kuwa haba, na waliporudi walirudi na mawingu ya Novemba ili wakalime. Babu aliitwa Matonya kwa sababu matone yalikuja, na wengine wakawa "Matonya" wa mjini kwa sababu hayakuja.

Naomba maoni yenu, hasa ninyi mnaotoka kanda hii na wenye majina ya namna hii katika makabila yenu. Je, ninyi mngeandika? Nawasilisha.

Mchangiaji kutoka Shinyanga

Mkuu, hongera kwa kupata mtoto. Huku Usukumani mvua ni mbula, na mtoto wa kiume wa wakati wa mvua ni Mabula, wa kike ni Kabula. Hakuna anayecheka. Akina Mabula ni walimu, madereva, wabunge na wezi wa mifugo, kama majina mengine yote yalivyo. Nadhani tofauti ni wingi: Mabula ni wengi kiasi kwamba hakuna mmoja anayeweza kulibeba jina lote peke yake. Matonya ni wachache machoni pa taifa, kwa hiyo mmoja aliyeonekana barabarani alitosha kuwafunika wote.

Mchangiaji kutoka Babati

Naongezea kwamba Wairaqw nao wana Tluway, ambalo ni neno lenyewe la mvua, na lugha yao si ya Kibantu kabisa. Kwa hiyo si suala la kurithiana maneno. Ni watu wa nchi kavu walioona jambo moja kila mmoja kwa macho yake.

Mchangiaji kutoka Kongwa

Nitasema jambo ambalo mleta uzi hatalipenda. Mimi ni Mgogo, na jina hilo lilikuwa ubini wangu mpaka nilipokula kiapo mbele ya wakili nikaliondoa. Niliyajua yote aliyoyaeleza kuhusu mvua, kwa kuwa hata sisi tulikuwa na babu. Lakini maana ya jina haikai kwenye lugha ya aliyelitoa. Inakaa kwenye masikio ya anayelisikia. Mwanangu asingeweza kusimama mbele ya darasa la watoto arobaini wa Dar es Salaam akaanza kuwafundisha vitenzi vya Chigogo kila alipochekwa. Mzazi anayempa mtoto jina ili arekebishe historia anamtuma mtoto vitani kabla hajaota meno. Muite hivyo nyumbani, mkuu, na kwenye cheti andika kingine.

Mleta uzi

Ndugu yangu wa Kongwa, hoja yako nimeisoma mara tatu, na sitajifanya kwamba haina uzito, kwa kuwa karani yule niliyemtaja alinifundisha jambo hilo hilo kwa kiganja chake. Hata hivyo, tazama majina ambayo Waswahili wenyewe wameyazoea. Tuna akina Mashaka, Shida, Tabu na Majuto, majina ambayo maana yake iko wazi kwa kila msikiaji na ambayo ni mabaya kuliko tone la mvua kwa kila kipimo, na wenye majina hayo wanaitwa asubuhi hadi jioni bila mtu kugeuka. Msikiaji amefundishwa kutoyasikia. Alifundishwa na nani? Na akina Mashaka wenyewe, waliojibu "naam" kila walipoitwa.

Tena majina hufuata bahati ya wenye majina. Mazengo ni jina la kwetu lililo karibu sana na Matonya kwa sura, nalo lina kitenzi cha kawaida pembeni yake, kuzenga, ambacho ni kujenga. Lakini kwa kuwa Mtemi Mazengo wa Mvumi alikuwa mtu wa kuheshimika, jina lake likapewa shule ya sekondari hapa Dodoma, na katika majengo hayo tangu mwaka 2007 kuna Chuo Kikuu cha St. John's. Malecela nalo Watanzania walilizoea kwa sababu mwenye jina alikuwa Waziri Mkuu kuanzia 1990 hadi 1994. Hakuna anayeuliza maana ya Malecela ndipo aamue kumheshimu mtu. Mimi simwombei mwanangu uwaziri mkuu. Ninasema tu kwamba jina likiachwa na kila anayeweza kusoma na kuandika, atakayebaki nalo ni yule wa barabarani, na kejeli itakuwa imethibitishwa na sisi wenyewe.

Nawashukuru pia ndugu wa Shinyanga na Babati. Nimekumbuka kwamba Wajaluo, wakiwemo wa Mara, wana Okoth, na Wakamba wa Kenya wana Wambua, yote yakiwa ni majina ya kiume ya mvua. Mwalimu mwenzangu anaitwa Okoth. Tumekaa chumba kimoja cha walimu kwa miaka minne na sikuwahi kujua kwamba sisi ni wajina.

Mchangiaji kutoka Mpwapwa

Mwanangu, mimi ni bibi wa wajukuu kumi na mmoja, na ninayeandika ni mjukuu wangu, mimi ninasema tu. Umeeleza vizuri lakini umeruka jambo moja. Matonya wote hawakuzaliwa mvuani. Jina la mzee hurudi kwa mjukuu, hata kama mjukuu amezaliwa jua kali, kwa sababu anayerudishwa ni mzee, mvua haimo tena. Kaka yangu aliitwa Matonya na alizaliwa wakati wa kupura mtama, wala hapakuwa na wingu. Kwa hiyo shangazi yako hakuwa akitazama dirishani asubuhi ile. Alikuwa akimtazama baba yake. Ukiandika jina jingine, muulize kwanza amwite mtoto nani.

Na huyo ndugu wa Kongwa asigombezwe. Aliyebadili jina ana sababu zake, na babu yake hakuwa karatasi.

Mleta uzi

Bibi, shikamoo. Umenisahihisha mahali ambapo sikujua kwamba nimekosea. Nilikuwa nimelichukulia jina kama kumbukumbu ya hali ya hewa kwa sababu ndivyo babu alivyolipata, nikasahau kwamba kuanzia kwake na kuendelea lilikuwa ni jina la mtu. Jana nilimuuliza shangazi kama ulivyoagiza. Alinijibu kwamba yeye tangu siku ile ya zahanati anamwita mtoto "baba", na ataendelea kumwita hivyo hivyo hata tukimwandika Shakespeare. (Jina hilo alilitoa wapi sijui, nadhani ni kwa mjukuu wake aliyeko kidato cha tatu.)

Mke wangu, ambaye ni Mrangi wa Kondoa na ambaye hofu yake ilikuwa kama ya ndugu wa Kongwa, alisoma uzi huu wote kwa simu yangu wakati akinyonyesha. Alipofika kwenye maneno ya bibi alinirudishia simu bila kusema neno, kisha usiku akaniuliza kama Matonya huandikwa kwa "ny" au kuna namna nyingine ya Chigogo. Nikamwambia ni kama linavyotamkwa.

Mleta uzi

Mrejesho kwa waliouliza. Leo tumekwenda ofisi ya kata kwa ajili ya cheti cha kuzaliwa. Mhusika alikuwa kijana mgeni, mmoja wa wengi waliohamia huku tangu Serikali ilipoamua kuhamia Dodoma, na nilijiandaa kwa ajili ya kiganja. Aliandika Matonya katika nafasi ya kwanza, akaniuliza herufi ya sita ni "y" au "i", akaandika jina langu, akafika kwenye la babu, yaani la baba yangu, akaandika, akapiga muhuri. Matonya wa zamani hayumo tena kwenye cheti hicho, kwa kuwa nafasi ni tatu. Yumo wa sasa peke yake.

Tulipotoka nje shangazi aliomba asomewe. Nikamsomea jina, tarehe, mahali alipozaliwa na majina ya wazazi. Akauliza ni wapi palipoandikwa kwamba mvua ilinyesha. Nikamwambia fomu haina sehemu hiyo. Alinyamaza kidogo, akatoa kadi ya kliniki kwenye mfuko wa nailoni alimokuwa ameihifadhi, akaigeuza upande wa nyuma usio na maandishi, akanipa pamoja na kalamu.